Upande Tusiousoma

Krrriii-tak. Krrriii-tak. Kama mtu anayesaga meno usingizini. Kisha kimya, kisha tena krrriii-tak. Waliopita kwenye avenue ya nyuma ya zahanati moja mjini Likasi, wenye mabeseni ya mikate na magunia ya makaa, waligeuza vichwa wasione kitu. Fundi viatu wa pale ukutani, aliyekwisha kuizoea kelele ile, hakuinua hata macho.

"Musiogope," aliwaambia. "Ni Mama Germaine. Anachapa damu."

Hakusema uongo. Ndani ya chumba kilichokuwa zamani stoo ya maziwa ya unga, Germaine Kapinga alisimama mbele ya mashine ya kuchapa ya kompyuta yake, mkono mmoja ukiongoza karatasi ndefu isikwame, mkono wa pili kiunoni, akitazama mistari ya programu ikitoka mmoja baada ya mwingine. Mistari elfu moja mia moja na arobaini. Aliiandika yeye peke yake, kwa miaka miwili, baada ya ofisi ya hesabu ya Kampuni ya shaba kule Panda kufungwa na wao wa mashine kuambiwa waende nyumbani wangoje wito. Wito haukuja. Germaine hakungoja.

Programu iliitwa Damu. Jina halikuwa na mapambo kwa sababu kazi yake haikuwa na mapambo. Mtoto akiletwa amekaushwa na malaria, midomo myeupe kama chaki, Adrienne, muuguzi mkuu, alikuja mbio na kutaja aina ya damu. Kompyuta ikamwonyesha ni nani mjini mwenye damu hiyo, anakaa avenue gani, nyumba namba ngapi, na mara ya mwisho alitoa lini. Mtu wa baiskeli akaondoka. Zamani kulikuwa na madaftari sita yaliyolowa mvua, na Adrienne alikuwa akisimama barabarani na koti lake jeupe akiwauliza wapita njia kama kuna mwenye O. Wakati mwingine alirudi ndani na mtu. Mara nyingi alirudi peke yake, akavuta shuka likafunika uso mdogo. Sasa kulikuwa na majina mia nne na kumi na mawili, na shuka lilifunika miguu tu.

Lakini diski ya ndani ya kompyuta ilikuwa imeanza kulia. Umeme wa bwawa la Mwadingusha ulikuwa ukikatika na kurudi kwa teke, na kila teke lilirefusha kile kilio. Germaine alikuwa na disketi mbili za akiba, moja ikiwa imeshaota ukungu. Alijua mashine haitamaliza mwaka huo wa tisini na sita. Alihitaji kompyuta nyingine, betri ya kuzuia mateke, na boksi la disketi. Basi. Hakuomba gari wala safari ya Ulaya.

Hapo ndipo Camille alipoingia.

Camille hakuwa na kazi, alikuwa na mkoba. Mishahara ya Panda ilipokauka, watu wengine walishika nyundo wakaenda kuchimba malakiti, yale mawe ya kijani ya shaba, wengine walifungua makanisa, na Camille alifungua miradi. Ndani ya mkoba mlikuwa na mihuri minne na kalamu ya wino wa buluu. Alikwisha kujenga shule tatu ambazo hakuna mtoto aliyewahi kuziona. Kwenye karatasi zilikuwa shule nzuri sana, hata maua yalikuwepo.

"Ya Germaine," alisema siku hiyo ya kwanza, kama anayemwita dada mkubwa, akifuta kiti kwa leso kabla ya kukaa, "hii kitu yako unauzisha ngapi?"

"Siuzishe."

"Unapana bure?"

"Bure, na code yake yote. Muntu akipenda kuitengeneza, atengeneze. Akipenda kupa mwenzake, apane. Iko mu Kambove, iko mu Kakanda, iko ku Shituru. Bantu ba Kambove njo balinionyesha kosa ya tarehe, bakaitengeneza benyewe, bakanirudishia."

Wazo lile alilipata kwenye disketi aliyoachiwa na injinia mmoja mgeni aliyeondoka mwaka wa tisini na moja, pamoja na kompyuta yenyewe. Ndani yake mlikuwa na programu ndogo na barua ya mtu asiyemjua: nakili, rekebisha, gawa, lakini mpe mwenzako kila kitu ulichopewa wewe. Germaine aliisoma barua ile mara tatu, na tangu hapo akaweka maneno hayohayo kwenye skrini ya kwanza ya Damu.

Camille alicheka kwa huruma, kama mtu anayemcheka mgonjwa.

"Kitu ya bure, dada yangu, iko mutoto bila baba."

"Iko na baba mingi. Weye njo hauko moja yao."

"Utaona. Kuko shirika fulani kule Ulaya banatafuta programu za Afrika. Banapana mashine mpya, betri, yote. Lakini banataka dossier, makaratasi ya mihuri. Na dossier, hapa Likasi, iko na jina moja." Akapiga mkoba wake taratibu.

Fomu ilikuwa na kurasa ishirini na sita, nakala tatu. Walioitunga, pengine, hawakuwahi kuhitaji kitu maishani isipokuwa majibu. Germaine alijaza kama alivyokuwa akiandika programu, neno fupi mahali pa neno fupi. *Eleza jinsi mradi utakavyoingiza kipato baada ya miaka mitatu.* Aliandika: Hautaingiza, ni bure. *Mmejilinda vipi ili programu isiibiwe?* Aliandika: Haiwezi kuibiwa, imekwisha kutolewa. *Taja washindani wenu wakuu.* Germaine alifikiri kidogo, akaandika: Kifo.

Camille alisoma, akashika kichwa.

"Mama, unataka batuone bapumbafu?"

"Nataka basome."

Nakala hiyo akaitupa pembeni, akajaza mbili zilizobaki kwa mkono wake mwenyewe, kwa Kifaransa chenye mikia mirefu. Kipato kikapatikana, wezi wakazuiwa, washindani wakawa "mazoea ya kimila". Mihuri minne ikapigwa kwenye kila ukurasa mpaka karatasi ikafanana na ngozi ya mtu mwenye surua.

Lilibaki sharti moja tu lililomfurahisha Germaine: ambatisheni programu yote, mstari kwa mstari, imechapwa. Angalau hilo lilikuwa swali la mtu mwenye akili. Ndiyo maana siku ile mashine ilikuwa ikisaga meno.

Na karatasi? Karatasi ilikuwa ile ambayo Likasi nzima iliiandikia. Ofisi za Panda zilipofagiliwa, maboksi kwa maboksi ya orodha za zamani yalitoka nje: karatasi pana, zenye vitundu pembeni na mistari ya kijani, zilizochapwa upande mmoja tangu miaka ya sabini. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe. Watoto walifanyia hesabu nyuma yake. Wamama wa soko la Kikula walifungia karanga. Kwaya zilichapa nyimbo, wachumba walichapa kadi za arusi. Upande wa mbele, wenye majina ya wafanyakazi na vitu vyao, hakuna aliyeusoma. Mtu wa Likasi aliigeuza karatasi ile kabla macho hayajaifikia, mkono wenyewe ukafanya kazi. Kwa hiyo Germaine alichapa nyuma, akashona kurasa kwa uzi, akamkabidhi Camille. Hakuna kati yao aliyefikiria kuandika pale juu: geuza.

Jibu lilichukua miezi saba. Lilifika kwa mapadri, na Adrienne akalileta mbio akiwa bado na glavu moja mkononi.

"Tumekubaliwa! Germaine, banatukubali!" Alisoma kwa sauti, akikwaa kwenye maneno makubwa. "Kamati imevutiwa... hasa... na safu ya asili ya watu, ambayo ni... ubunifu wa kijasiri." Akainua macho. "Safu gani?"

"Sijui," Germaine alisema. "Pengine bamelewa."

Lakini alicheka, na usiku ule alilala usingizi mzima kwa mara ya kwanza tangu diski ianze kulia.

Mjumbe wa shirika alifika majuma mawili baadaye, asubuhi. Aliitwa Monsieur Dominique. Alivaa kizibao chenye mifuko kumi na minne, na alikuwa amejifunza Kiswahili safi huko Afrika ya Mashariki, kikamtoka mdomoni kama shati lililopigwa pasi. Camille alimtangulia akimfungulia milango iliyokuwa tayari wazi.

"Habari za asubuhi, Mama Germaine. Nimefurahi mno kukutana na mbunifu mwenyewe."

"Karibu, bwana. Kaa. Ile kiti haina mguu moja, ukae pole."

Alikaa pole. Akatoa kwenye mkoba wake nakala za kiambatisho, akazitandaza mezani, akaweka kidole.

"Hii ndiyo iliyotugusa. Kila mtu na jina lake, namba, idadi ya watoto, na hapa mwisho, asili. Kasai. Sandoa. Kasenga. Kasai tena. Kamati nzima ilinyamaza."

Germaine akainama. Palikuwa na jina la baba yake kwenye mstari wa tisa: Tshibangu Albert, unga kilo thelathini, watoto saba, asili Kasai, Mwene-Ditu. Aliusoma mstari ule mara mbili. Mtoto wa saba alikuwa yeye.

Kwanza alicheka. Alicheka mpaka fundi viatu akachungulia dirishani. Watu wenye viti vya ngozi, wenye miwani na kahawa, walikuwa wamekaa miezi saba wakisoma mgao wa unga wa mwaka wa sabini na nne, wakaupigia kura!

"Bwana," alisema akifuta machozi, "mumesoma upande mwingine. Programu iko nyuma."

Monsieur Dominique aligeuza nakala yake. Nyuma palikuwa peupe; waliotoa fotokopi huko kwao walikuwa wametoa upande mmoja tu. Alibadilika rangi kwa muda wa kumeza mate, kisha akapona. Watu wa aina yake huwahi kupona.

"Basi, si neno. Kamati imekwisha kupitisha. Mfuko wetu mwaka huu ni wa mapatano. Tunataka kuona damu ya kabila moja ikiingia katika mwili wa mtu wa kabila jingine. Unaelewa uzuri wake? Tungeweka grafu. Kwa hiyo ongeza tu safu hiyo, na mashine zimo ndani ya gari pale nje."

Germaine alizisukuma zile nakala mbali naye.

"Safu ya kabila. Mu programu yangu."

"Safu moja. Kazi ya dakika tano."

"Dakika mbili," Germaine alisema. "Minye najua kuiweka. Njo maana siiweke."

"Ya Germaine," Camille alinong'ona, "usituharibishie."

"Weye nyamaza, mihuri yako imekauka." Akamgeukia mgeni. "Bwana, miaka mine haijaisha tangu bantu balale pale ku gare, na batoto, na vyungu, bakingoja treni ya kubatupa ku inchi ya babu zao, inchi hata hawaijue. Juu ya ile safu. Bale walikuwa wakipita avenue kwa avenue, unajua walishika nini mu mukono? Fimbo, ndiyo. Na mu mukono wa pili karatasi."

"Lakini hii ni kwa ajili ya amani."

"Karatasi haijue iko ya nini. Inajua kusomwa tu."

Adrienne alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Miaka ile ndiye aliyemficha Germaine majuma matatu nyuma ya kabati la chanjo, na hakuwahi kulitaja tena. Sasa alimshika mkono akamvuta pembeni.

"Dada, nasikia yote unasema. Lakini nasikia na ile diski. Ikikufa, narudia barabarani kuita bantu kama muuza mandazi. Weka safu yabo. Tutaiacha tupu."

"Isiwe tupu," Monsieur Dominique aliingilia, kwa upole wote. "Kiashiria chetu ni asilimia themanini."

Adrienne aliachia mkono wa Germaine.

"Umesikia?" Germaine alimwuliza.

"Nimesikia," Adrienne alijibu, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Mutoto akija, utakuwa na minye?"

"Nitakuwa."

Monsieur Dominique alifunga mkoba wake, akasikitika kwa sarufi nzuri, akaondoka. Camille hakuondoka. Alibaki anachezea kifungo cha koti.

"Ya Germaine. Ulisema bure."

"Nilisema."

"Na code yake yote. Na muntu akipenda kuitengeneza, atengeneze."

Germaine alimwona vizuri sasa, alikokuwa anakwenda na njia atakayopita. Angeweza kumkatalia. Nani angemlaumu? Lakini maneno yalikuwa pale kwenye skrini ya kijani, nyuma ya bega lake, yeye ndiye aliyeyaandika, na hakuandika: isipokuwa Camille. Alichukua disketi, akanakili, akamtupia mezani kama mtu anayetupia kuku makombo.

"Kamata. Neno langu ni moja. Lako, utalitafuta mu mukoba."

Katika mwezi uleule, ofisi ya Camille ilifunguliwa mjini, karibu na posta, yenye kibao, feni, na kompyuta mbili ambazo kibodi zake hazikuvuliwa nailoni. Kuongeza safu ya kabila kulimshinda, akamlipa kijana aliyekuwa akifanya kazi na Germaine zamani, kisha akaanza kuwaita watoa damu kwa barua. Kitu kimoja hakukibadilisha, kwa uvivu: jina. Programu yake nayo iliitwa Damu.

Hilo Germaine hakulifikiria. Alikuwa na shughuli ya kuwadharau, na dharau hula muda. Asubuhi ya Alhamisi moja umeme ulikatika, ukarudi kwa teke, na diski ikatoa mlio mmoja mrefu uliopanda, ukapanda, ukaisha. Haikulia tena. Germaine alikaa mbele ya skrini mpaka saa sita. Bahati ni kwamba Jumatatu yake alikuwa amechapa orodha yote ya majina, karatasi kumi na nne. Akazitundika kwa msumari juu ya meza, kazi ikaendelea kwa macho na kidole.

Kisha watu wakaanza kuja kujifuta.

Wa kwanza alikuwa katekista mzee. Akafuata muuza chumvi na mkewe. Wote walisema lilelile: kule mjini, kwenye Damu, wanauliza muntu anatoka wapi. Toeni jina langu.

"Ile si yangu," Germaine alimwambia wa kwanza. Aliwaambia wa pili kwa sauti ya juu zaidi. Wa tatu hakuwaambia kitu. Alichora mstari kwenye jina, akawaonyesha mlango. Kama walikuwa wajinga kiasi cha kumfananisha yeye na Camille, basi waende. Kwa majuma matatu alichora mistari sitini na mitatu, na kila mstari aliuchora kwa nguvu kuliko uliotangulia. Adrienne alitazama.

"Baelezee," alisema.

"Minye si mulango wa kanisa, kila muntu anipigie hodi na mashaka yake."

"Basi utabaki na karatasi safi sana."

Ikaja siku ya mtoto. Msichana wa miaka minne, mama yake alimbeba kwa miguu kutoka upande wa Panda, na alipomlaza kitandani mtoto hakulia hata sindano ilipoingia. Adrienne alipima damu, akapima tena kwa kutoamini.

"O negatif."

Kwenye orodha nzima walikuwa watatu tu. Mmoja alihamia Kolwezi. Wa pili alikuwa muuza chumvi, na jina lake lilikuwa chini ya mstari mzito wa Germaine mwenyewe. Wa tatu alikuwa Constantin, mchimba malakiti, mwimba besi wa kanisa la maombi, mtu mkubwa wa mabega aliyetoa damu mara saba na kila mara aliomba soda baadaye. Mtu wa baiskeli akaondoka kama risasi.

Constantin alikuja. Lakini alisimama mlangoni mikono imekunjwa, vumbi la kijani mpaka kwenye kope, hakuingia.

"Minye nakuya kujifutisha," alisema. "Ule wa baiskeli amenikuta mu njia."

Mama wa mtoto aliinuka kitandani.

"Constantin," Adrienne alianza, "mutoto iko—"

"Namuona mutoto. Minye si jiwe. Lakini nilikwenda kule mu mujini, baliniita na barua. Baliniuliza kabila. Baba yangu Muluba wa Kasai, mama yangu Musanga wa hapahapa. Nikabaambia: andika nusu-nusu. Ule mwenye mukoba anasema mashine haina nafasi ya nusu. Natakiwa kuchagua. Mwaka wa tisini na tatu, Mama Germaine, wandugu zangu ba upande moja balikuya kufukuza wandugu zangu ba upande ingine mu nyumba moja. Na sasa damu yangu ikachague?"

"Hapa hakuna kabila," Germaine alisema. Akang'oa karatasi kwenye msumari, akamsukumia kifuani. "Soma! Jina, damu, avenue, tarehe. Soma yote. Ukipata kabila, unitemee mate."

Constantin alisoma polepole, kidole kikubwa kikifuata mistari. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu makini, akafanya kitu ambacho mtu wa Likasi hakifanyi. Aligeuza karatasi.

"Na hii?"

Germaine alitazama. Majina, namba, unga, watoto. Asili: Kasai. Asili: Kasai. Asili: Kaniama. Karatasi kumi na nne, na kila moja ilikuwa imebeba mgongoni ile safu aliyoikatalia kompyuta mbili na betri. Ilikuwa imetundikwa hapo juu ya meza yake, wazi kwa yeyote mwenye mkono wa kugeuza. Na zile nakala za programu alizochapia Kambove. Na zile za Kakanda. Kamati ile ya wapumbavu aliyoicheka mpaka machozi, kwa bahati mbaya yao ilikuwa imesoma. Yeye, mtoto wa saba wa mstari wa tisa, alisoma siku moja tu aliyoonyeshwa, kisha akarudi kugeuza.

"Sikuangalia," alisema. Neno lile lilimtoka kwa shida, kama jino.

"Hapana bongo?" aliuliza, akitafuta uongo usoni mwake.

"Hapana bongo. Niligeuza tu. Kama bote."

Nyuma yao, pumzi ya mtoto ilikuwa fupi na ya haraka. Germaine alizunguka chumba kwa macho akitafuta karatasi isiyo na kitu. Hakukuwa na daftari, hakukuwa na chochote, ila kwenye kona, chini ya mashine iliyokufa, ilikuwepo nakala ya tatu ya ile fomu, ile yenye majibu yake. Kurasa ishirini na sita, karatasi nzito ya Ulaya, nyeupe kama maziwa, nyuma tupu kabisa. Akaivuta, akapuliza vumbi, akaiweka mezani na kalamu juu yake.

Constantin akachukua ukurasa mmoja akaugeuza, maana sasa alikuwa ameanza na hangeacha.

"Na huku kunasema nini?"

"Upumbafu. Hiyo unaweza kusoma yote."

Akasoma, midomo ikicheza. "Taja washindani wenu wakuu." Akasoma na jibu. Hakucheka, lakini mikono yake ilikunjuka. Alivua koti, akaketi kwenye kile kiti cha miguu mitatu, pole, akanyoosha mkono wa kushoto kwa Adrienne. Mkono wa kulia haukuachia zile karatasi kumi na nne.

"Hizi nashika minye," alisema.

"Shika. Nisomee, minye naandika."

Sindano ikaingia. Damu ikashuka kwenye mpira, karibu nyeusi, na mama wa mtoto akapiga magoti bila kuombwa na mtu. Germaine aliandika jina la kwanza kwenye mgongo wa fomu, kisha akaiweka kalamu chini, akamtazama yule mtu usoni, na akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa fundi viatu nje:

"Constantin, sikia, na huyu mama asikie. Leo tukimaliza, hizi karatasi utazitia weye mwenyewe mu moto, na mukono wako. Kesho nakwenda Kambove na Kakanda na miguu yangu kuchoma zile nilibapelekea. Bale sitini na tatu nilibafuta na kiburi, nitabapigia hodi moja kwa moja, na muuza chumvi njo wa kwanza. Na siku nitapata mashine ingine, ikuye na nani, ikuye lini, programu itakuwa ya bure vilevile, na hakuna muntu atauliza damu yako ilitoka wapi. Nakuahidi."